Bibo la Bi. Mwanaidi

Mwezi uliopita tulimzika Bi. Mwanaidi kwao Takaungu. Wanaume waliporudi kutoka makaburini, msichana mmoja wa ukoo wake alikuja akaketi kando yangu mkekani, akaniuliza kama ni kweli bibi yake aliwahi kuchorwa picha. Nikamwambia ni kweli kiasi. Akauliza picha ilikuwa ya nini hasa. Nikamwambia ya bibo. Akacheka kwa adabu, kiganja mdomoni, kwa maana watoto wa siku hizi wanalijua bibo kama kitu kinachotupwa chini ya mkorosho baada ya korosho yake kunyofolewa. Nilitaka kumweleza palepale, lakini dua ilikuwa inaanza, nami si wa dini yao, nikanyamaza kwa heshima. Sasa nimerudi kwangu Ganda na sina sababu tena ya kunyamaza.

Nitaeleza mwaka mmoja tu. Habari za wazazi wangu na za utoto wangu naziacha. Nilikuwa na miaka ishirini, nimepanga chumba cha mwisho katika nyumba ya Bi. Mwanaidi, mtaa wa Shela, Malindi. Kilikuwa chumba chembamba, kuta zake za chokaa iliyokuwa ikibambuka kama ngozi ya mtu aliyeungua jua, na dirisha lenye nondo lililotazama uani. Ndani palikuwa na kitanda, sanduku langu la bati, na misumari mitatu ya kutundikia nguo. Chakula hakikuwa katika mapatano yetu, lakini kila asubuhi mama huyu aligonga ukuta wangu kwa mwiko na kusema, "Kadzo, chai inapoa," nami nikatoka nikakuta mahamri na mbaazi za nazi, nikala nimekaa juu ya kibao cha mbuzi ya kukunia nazi kwa sababu viti vilikuwa viwili tu na kingine kilikuwa cha Mwanakombo. Mwanakombo alikuwa jirani wa nyumba ya pili, mjane, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, ambaye angeweza kukaa asubuhi nzima bila kusema zaidi ya maneno kumi.

Wawili hao, pamoja na wanawake wengine watano wa mtaa, walikuwa wakibangua korosho uani. Korosho zilikuja kwa magunia kutoka mashambani, nyingine bado zimeshikana na mabibo yake, mekundu na ya manjano, yenye harufu tamu iliyokaribia kuwa kali. Waliziweka kwenye debe lililotobolewa matundu, wakalitia motoni, na mafuta ya maganda yakaanza kuchuruzika na kuwaka kwa moshi mweusi ulioingia dirishani kwangu na kukaa kwenye nguo zangu hadi wiki nyingine. Kisha wakazimwaga mchangani, zikapoa kidogo, wakaketi duara, kila mmoja na jiwe lake, wakabangua. Asiyewahi kuifanya kazi hiyo hajui kwamba mafuta ya ganda la korosho yanaunguza. Walijipaka jivu vidoleni, lakini jivu husaidia kwa muda tu. Nikiwa kitandani mwangu siku ya mapumziko niliwasikia wakizungumza juu ya arusi, juu ya bei ya mchele, juu ya mwanamume fulani aliyeoa mke wa tatu kisha akaja kukopa sufuria kwa mke wa kwanza, na katikati ya vicheko mtu akivuta pumzi kwa meno na kusema, "Limeniruka," maana yake tone la mafuta limemwangukia. Hakuna aliyesimamisha kazi kwa ajili ya tone.

Mimi nilikuwa mchoraji, au niliamini hivyo. Nilifanya kazi katika karakana ya Fundi Karisa, kwenye barabara ya kwenda ufukweni, tukiwa wachoraji watano chini ya paa la makuti. Tulichora twiga. Tulichora pia tembo na morani wa Kimaasai aliyesimama kwa mguu mmoja mbele ya jua jekundu, ingawa hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kuona jua la namna ile. Mmoja alipaka mbingu, mwingine majani, mimi nilipewa macho na madoa kwa sababu mkono wangu ulikuwa mwepesi. Picha ikikamilika, Fundi Karisa alikuja na brashi yake ndogo akaandika chini, upande wa kulia, "Karisa". Kila picha iliyotoka pale ilikuwa ya Karisa. Sisemi haya kumvunjia heshima. Yeye ndiye aliyenifundisha kuchanganya rangi na kutulia mbele ya kitambaa cheupe, na alinifundisha bila kunitukana hata siku moja, jambo ambalo wasichana wengi wa wakati ule hawawezi kulisema juu ya mafundi wao. Lakini nilikuwa nimechora macho ya twiga kwa mwaka na nusu, na hakuna mtu duniani aliyejua kwamba nimewahi kuchora kitu.

Mwanzoni mwa msimu wa korosho likaja tangazo. Mjini kutakuwa na maonyesho ya picha, na jambo la kuchorwa ni matunda ya Pwani. Fundi Karisa akatukusanya akasema kila mmoja achore picha yake, naye atachagua iliyo bora aipeleke. Nikanunua nanasi, papai, maembe mawili na ndizi, nikavipanga kwenye sinia juu ya sanduku langu, nikachora kwa siku nne. Picha ikawa safi sana. Nikaitoa uani nikiwa na fahari, nikaisimamisha kwenye ukuta wa kisima. Bi. Mwanaidi akaja akiwa ameshika debe, akaitazama kwa muda mrefu kuliko nilivyotarajia.

"Haya ni matunda ya nani?" akauliza.

"Ni matunda tu, Bi. Ya huku kwetu."

"Hata ndege hajayadonoa," akasema. "Haya ni ya hotelini." Akaenda zake kuchochea moto.

Nilimkasirikia siku mbili nzima. Siku ya tatu alirudi kutoka mjini mapema, akavua buibui, akaketi kwenye kiti chake. Alikuwa amekwenda kutafuta kitambulisho kipya, kwa sababu mpwa wake alikuwa amemwahidi kumpeleka Hija, na bila kitambulisho hakuna pasipoti. Hiyo ilikuwa mara yake ya tatu kwenda. Mwanakombo akamletea maji. Ndipo akatuonyesha karatasi aliyorudishiwa, ile yenye visanduku kumi vya alama za vidole. Katika kila kisanduku palikuwa na doa jeusi laini, halina mstari hata mmoja, kama kwamba mtu amebandika mbegu za ubuyu zilizochovywa wino.

"Karani ameniambia sina alama," akasema. "Akanifuta vidole kwa spiriti, akavibonyeza tena, akasema, mama, wewe huna alama, mashine haitakukubali. Nikamwambia ninazo. Zimebaki kwenye korosho."

Wanawake wakacheka, naye akacheka, lakini niliona jinsi alivyoikunja ile karatasi, mara nne, tano, mpaka haikukunjika tena. Kisha kila mmoja wao akatazama vidole vyake mwenyewe. Nikamwomba Bi. Mwanaidi nishike mkono wake. Nilikuwa nimeishi katika nyumba yake miezi minane, nimekula chakula cha mkono ule kila asubuhi, na sikuwa nimewahi kuutazama. Ncha za vidole zilikuwa nyororo na ngumu, zinang'aa kidogo, na pembeni mwa kucha palikuwa na makovu meusi madogomadogo. Nikaona aibu kwa ajili ya nanasi langu.

Siku ile ile nikaanza picha nyingine. Nilichora bibo moja tu, kubwa, jekundu, likiwa limepasuka upande mmoja na maji yakitoka, na korosho yake ikining'inia chini kama kidole kilichokunjwa. Chini ya bibo nikachora mikono miwili iliyolipokea. Nilipofika kwenye ncha za vidole sikujua la kufanya. Niliipeleka karakana hivyo hivyo, haijakwisha, kwa sababu rangi zilikuwa za karakana. Fundi Karisa alisimama nyuma yangu, akavuta sigara yake yote kabla ya kusema.

"Wataliani wa mahotelini hawatalinunua bibo," akasema. "Lakini hii ni picha, Kadzo. Imalize. Hii ndiyo tutakayopeleka."

Nikamuuliza ni nani atakayetia jina.

Akanitazama kama niliyeuliza ni nani mwenye paa. "Karakana ni yangu. Jina langu linajulikana. Lako wataliuliza ni la nani."

"Basi wataliuliza, na mimi nitawajibu."

"Mwanangu, usiniharibie kazi mbele ya wenzako."

Wenzangu walikuwa wameacha kupaka. Ningeweza kunyamaza, na nimekutana na watu wengi maishani wanaosema kwamba pale ndipo nilipopaswa kunyamaza, kwamba msichana asiye na kitu hushika adabu kwanza, kisha hudai polepole. Nilisikia hivyo kanisani, nikasikia kwa shangazi zangu, na hata leo, nina mvi kichwa kizima, bado nasikia. Sijawahi kumwona yeyote aliyedai polepole akapata. Nikamwambia Fundi Karisa kwamba mikono iliyo kwenye picha ile ina mwenyewe, na mwenyewe ameshaambiwa na watu wenye kalamu kwamba hayupo, nami sitaruhusu mtu wa pili amwambie hivyo, wala sitaruhusu nami niambiwe. Yeye hakupandisha sauti. Alisema, "Basi ondoka. Rangi zangu ziache." Nikaviringisha kitambaa changu nikaondoka nacho. Kitambaa nilikuwa nimekinunua mimi.

Nilirudi nyumbani sina kazi, nina bibo nusu na sina rangi. Bi. Mwanaidi alikuwa akipika papa wa nazi, na moto uliendelea kuwaka nilipokuwa nikieleza. Hakunipongeza. Aliniuliza kama nimekula. Nilipokwisha kula akasema, "Hilo bibo mbona unalitafutia rangi dukani? Tangu lini bibo likakosa rangi?" Kila mtu aliyekulia mashambani kwetu anajua kwamba maji ya bibo yakidondokea nguo nyeupe hayatoki tena, yanageuka kahawia na kubaki mpaka nguo iwe matambara. Nikakamua mabibo kwenye bakuli. Nikachukua masizi ya debe. Na kwa ule weusi mzito niliouhitaji chini ya korosho, nikachukua mafuta ya maganda, yale yale. Nilijipaka jivu kama walivyokuwa wakijipaka, lakini sikuwa na uzoefu wao, na baada ya siku tatu mikono yangu ilijaa malengelenge. Mwanakombo alinifunga vidole kwa vitambaa vilivyochovywa mafuta ya nazi. Kovu moja bado ninalo, hapa kwenye kidole cha shahada.

Kwa ncha za vidole nilimwomba Bi. Mwanaidi azitie mwenyewe. Akachovya vidole vyote kumi kwenye masizi yaliyochanganywa na mafuta ya nazi, akainama, akavibonyeza kitambaani mahali nilipokuwa nimeacha wazi. Yakabaki madoa kumi, laini, hayana mstari. Akajiinua akayatazama. "Karani angekuwa hapa," akasema. Kisha nikaandika jina langu chini, upande wa kulia, kwa maji ya bibo.

Mwenyekiti wa kamati ya maonyesho, Bwana Feisal, alikuwa mtu mstaarabu, na sijui kwa nini ustaarabu wake uliniudhi kuliko ukali wa mtu yeyote. Alinikaribisha kiti, akaniagizia soda. Akasema picha ina nguvu, ndiyo, lakini nifikirie. Bibo ni tunda la kutengenezea pombe, kila mtu anajua, na mgeni rasmi ni mkubwa wa serikali kutoka Kilifi anayekuja na mkewe. Na haya madoa machafu hapa chini, je, ni bahati mbaya? Ningeweza kugeuza bibo liwe embe kwa siku moja tu. Mikono ingebaki. Embe lingependeza mikononi.

"Mwanamke mwenye mikono hii hajawahi kunywa pombe," nikamwambia. "Ameungua miaka thelathini ili korosho iwekwe kwenye visahani vya hoteli. Siwezi kumpa embe."

"Sijasema lolote juu ya mwanamke yeyote, dada."

"Najua. Ndiyo maana nimesema mimi."

Hakuikataa. Alisema itatundikwa. Siku ya ufunguzi, saa tisa alasiri, nilifika na gauni langu la kanisani nikakuta ukumbi umepambwa kwa makuti na maua, kuta zimejaa mapapai na maembe, na picha yangu haipo. Nikaitafuta mpaka nikaipata kwenye ujia wa kwenda jikoni, nyuma ya mlango uliokuwa ukifunguliwa na kufungwa na wapishi. Kila mlango ulipofunguliwa, uliifunika. Nikasimama pale nimebeba mkoba wangu. Sitasema uongo, machozi yalinitoka, na yalikuwa ya hasira.

Wakati huo wanawake wakaingia. Sikuwa nimewaalika wote. Nilikuwa nimemwalika Bi. Mwanaidi, naye akawaambia wenzake, wakaja saba, wenye mabuibui meusi yaliyopigwa pasi, wakinukia udi juu ya moshi ambao hautoki. Mtu wa mlangoni aliwauliza kama wana kadi. Bi. Mwanaidi akamwamkia kwa upole, akamuuliza habari za mamake, akapita. Nikawaonyesha picha ilipo. Akautazama ule mlango ukifunguka na kufungika mara mbili.

"Ishusheni," akasema.

Mwanakombo ndiye aliyeishusha. Wakaibeba ukumbini, wawili wameshika juu, wawili chini, na kwa kuwa ukutani hapakuwa na msumari uliobaki, wakasimama nayo. Walisimama kando ya meza ya heshima, saba kwa safu, wameishika. Bwana Feisal alikuja mbio akiwa ametabasamu, akawanong'oneza. Bi. Mwanaidi akamjibu kwa sauti ya kawaida, ambayo ukumbi mzima uliisikia, kwamba wao hawachoki, wamezoea kukaa na kazi yao mkononi, hotuba ziendelee. Hakuna mwanamume pale aliyethubutu kuwanyang'anya kina mama saba wazee kitu. Hotuba zikaendelea. Zilikuwa ndefu. Niliona mikono ya Mwanakombo ikianza kutetemeka, nikaenda kushika mahali pake, akanisukuma kwa bega.

Mgeni rasmi alipopita kutazama picha, alifika pale akasimama. Aliuliza ni tunda gani. Akaambiwa. Akauliza ni nani aliyechora, na kabla sijafungua mdomo niliisikia sauti ya Fundi Karisa nyuma ya watu. Alikuwa amekuja na picha ya mmoja wa wenzangu, matikiti, yenye jina la Karisa.

"Ni huyu msichana," akasema. "Kadzo. Alikuwa kwangu, nikamfukuza."

Sijui mpaka leo ni kitu gani kilichomfanya aseme vile, mbele ya wateja wake. Nilimuuliza miaka mingi baadaye, akaniambia alikuwa amechoka kusimama.

Yule mkubwa akauliza tena, haya madoa ni ya nini. Bi. Mwanaidi akaachilia ncha ya picha, akanyoosha mikono yake miwili mbele ya uso wa mtu yule, akamweleza habari ya kitambulisho, mara tatu alizokwenda, karani, mashine. Akaeleza bila kulalamika. Mgeni rasmi akatikisa kichwa, akasema ni jambo la kusikitisha, atalifuatilia.

"Usilifuatilie," akasema Bi. Mwanaidi. "Kalamu unayo mfukoni, naiona. Andika sasa."

Mke wa yule mkubwa akacheka, akampa mumewe karatasi ya ratiba, naye akamwandikia karani nyuma yake, mgongo wa Bwana Feisal ukiwa ndio meza. Sikupata zawadi siku ile. Zawadi ya kwanza ilikwenda kwa sinia la matunda lililofanana sana na lile nililochora mwanzo, na nadhani lilistahili, lilikuwa safi. Lakini ile karatasi ilifanya kazi. Baada ya wiki kadhaa kitambulisho kilitoka, na kabla miaka miwili haijapita Bi. Mwanaidi alikwenda Maka akarudi, akaitwa Hajja, akaendelea kubangua korosho.

Ile picha haikudumu. Maji ya bibo si rangi, na hewa ya chumvi haikulihurumia lile bibo. Mwaka baada ya mwaka liliingia giza mpaka likabaki jeusi tupu. Walionihoji baadaye, nilipokuwa na jina, waliniuliza kama sijuti kutotumia rangi za kweli, kama haikunipasa kumwangukia Fundi Karisa miguuni kwa ajili ya mikebe michache. Nimechora picha nyingi zilizodumu, na nyingine zimetundikwa katika nyumba nisizoruhusiwa kuingia. Sijutii hata moja kati ya hizo, na ile ndiyo nisiyoijutia kuliko zote.

Jumatatu baada ya maonyesho niliamka sina kazi. Nilikuwa na vidole vilivyofungwa na kipande cha kitambaa kilichobaki, chenye upana wa mkeka wa kuswalia. Nilikitandaza uani nikawa nakivuta kwenye fremu, bila kujua nitachora nini, nikisikia mawe yakigonga korosho nyuma yangu. Mawe yakapungua kwa moja. Mwanakombo alikuwa ameinuka. Akabeba kiti chake mwenyewe, akakileta mbele yangu, akakiweka mahali penye mwanga. Akaketi, akarudisha ushungi wake nyuma mpaka nywele zake nyeupe zikaonekana, akaweka mikono magotini.

"Anza," akasema. "Sina haraka. Na ukimaliza, chini uandike Mwanakombo binti Omari bin Shee bin Athumani. Usikate jina hata moja."